Sedamu na Masika Yetu: Maneno kwa Wapanda Maua wa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa kata mliotutembelea, walimu wetu, akina mama na akina baba wenye vitalu, nanyi vijana mnaouza miche pembezoni mwa barabara kuu: mwagonile! Wageni wetu wa Iringa na Njombe: kamwene! Nashukuru kupewa nafasi kabla ya chakula. Msemaji wa maua akipangwa baada ya chakula hupata makofi, hapati wasikilizaji.

Nimeombwa niongelee sedamu. Wengi mnayo nyumbani hata kama jina hamlijui. Ni ile mimea mifupi yenye majani manene yaliyojaa maji, ambayo mteja akifika anasema, "Dada, nipe hiyo kaktasi ndogo," nasi tunamfungia, tunapokea hela, maisha yanaendelea. Kaktasi siyo. Ni ya ukoo mmoja na kalankoe zinazojiotea kwenye miamba yetu. Aina zake ni mamia, na nyingi asili yake ni kaskazini mwa dunia: Mexico, Ulaya, Asia. Lakini hata Afrika Mashariki zipo chache za milimani. Mojawapo ni ya Kilimanjaro, hukaa juu ya miti yenye kuvumwani, na wanasayansi waliipa jina la Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889. Kwa hiyo asije mtu akakwambia huu ni mmea wa Wazungu.

Leo nina hoja moja, na mengine yote nitakayosema yanatokana nayo. Huku kwetu sedamu haiuawi na kiangazi. Inauawa na masika.

Maelekezo tunayosoma kwenye simu yameandikwa na watu wanaoogopa theluji, au wanaoishi jangwani. Wanakwambia uiweke juani, uimwagilie mara mojamoja, umemaliza. Mtu wa Uyole, hapa Mbeya, anafuata hivyo hivyo. Juni mpaka Oktoba mambo ni safi, mmea unanenepa, anapiga picha anaweka kwenye kundi. Novemba mvua zinaanza, na mnazijua mvua zetu, zikianza ni mpaka Aprili au Mei. Ikifika Januari majani ya chini yanageuka njano, yanalegea, yanapitisha mwanga, ukiligusa moja linadondoka lenyewe. Ukichunguza shina pale linapoingia ardhini, limeshakuwa jeusi. Ndipo simu inapigwa: "Dada, mche ulioniuzia ulikuwa mbovu." Mche haukuwa mbovu, mama. Mizizi imekaa kwenye tope miezi miwili bila hewa, na ukungu wa udongoni ukapata mlango.

Kwa nini mahindi yanaishi kwenye mvua ile ile na sedamu inaoza? Hili nataka tulielewe vizuri, kwa sababu ukilielewa hutahitaji tena kuniuliza imwagiliwe mara ngapi. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa ya ukaa, na kwa vitundu hivyo hivyo maji hutoka yakapotea. Sedamu na ndugu zake hufanya kinyume. Mchana hufunga. Usiku, kukiwa na ubaridi, hufungua, huvuta ile hewa na kuiweka akiba ndani ya jani ikiwa tindikali, halafu mchana huitumia ikiwa imejifungia. Mwaka 1815 yalichapishwa maelezo ya Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa India, ambaye alitafuna majani ya mmea wa ukoo huu kwa nyakati tofauti za siku. Alfajiri yalikuwa na uchachu mkali, adhuhuri hayakuwa na ladha, jioni yakawa na uchungu kidogo. Uchachu ule ndio akiba ya usiku. Naomba msimuige. Alichotafuna ni jamaa wa kalankoe, na zipo kalankoe zinazoua ng'ombe. Sedamu nyingi ni za upole, ila ile ya Ulaya yenye maua ya njano, Sedum acre, ina utomvu unaowasha na ukiila utatapika. Mbuzi na watoto wakae nayo mbali.

Sasa rudini kwenye tope. Mmea unaofunga vitundu mchana kutwa hupoteza maji kidogo sana, na usiopoteza haunywi. Bustani ya mahindi ikiloa, mahindi yenyewe yanasaidia kuukausha udongo. Sedamu haiwezi kazi hiyo. Maji yaliyoingia kwenye kopo lake yanabaki pale pale yamezunguka mizizi mpaka jua liyaondoe, na sisi Januari jua tunaliona kwa msimu.

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini watu wa Tukuyu hawacheki. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Iringa mjini hawafikishi hata nusu yake. Kwa hiyo ushauri wa shangazi wa Iringa usiubebe mzima mzima ukaupeleka Rungwe. Iringa unaweza kuipanda ardhini, kwenye tuta katikati ya mawe, ikatambaa ikafunika kila kitu. Njombe na hapa Mbeya mjini, tuta liinuliwe zaidi na liwe na mteremko. Tukuyu mimi ningeiweka barazani, chini ya bati, upande unaopata jua la asubuhi, na masika yote isionje tone la mvua ya Mungu. Itanyweshwa kwa kikombe.

Udongo ndiyo sehemu ya kazi, kwa hiyo hapa mtanivumilia. Mchanganyiko ninaoutumia ni sehemu mbili za kitu kigumu chenye chembe kubwa kwa sehemu moja ya udongo wa kawaida wa bustani. Watu wengi wakisikia "kitu kigumu" wanakwenda kuchota mchanga wa fundi wa plasta. Huo haufai hata kidogo. Chembe zake ni ndogo, zinajaza nafasi zote kati ya udongo, na ukilowa unashikamana. Umetengeneza zege bila saruji. Tafuta mchanga mnene wa mtoni, au kokoto ndogo kabisa zilizochekechwa, zenye ukubwa wa punje ya mtama mpaka ya harage.

Na sisi wa Mbeya tuna bahati ambayo wenzetu hawana. Mlima Rungwe ni volkeno. Yapata miaka 4,000 iliyopita ulilipuka na kumwaga mawe mepesi yenye vitundu eneo kubwa la huku. Mnayafahamu, ndiyo yale tunayosugulia visigino, ukilitupa moja majini linaelea. Ukichimba shimo la choo sehemu nyingi za huku unakuta tabaka zima la weupe-weupe, na watu wanalimwaga barabarani. Jamani! Hicho ndicho kitu ambacho wapenda maua wa nje wananunua dukani kwa mifuko. Kinashika unyevu kidogo ndani ya vitundu vyake, na kati ya jiwe na jiwe hewa inapita. Chekecha kwanza, mavumbi tupa, mapande makubwa weka chini ya kopo, ya katikati changanya na udongo. Ukinikuta nagombana na mafundi wanaochimba msingi, sigombanii kiwanja.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji mtaalamu. Jaza kopo mchanganyiko wako, mimina glasi ya maji kwa mara moja, halafu hesabu taratibu. Ukifika kumi na maji bado yamesimama juu, mwaga yote uanze upya. Maji yanatakiwa yashuke unavyoyamimina. Na kopo lenyewe, iwe ndoo ya rangi, sufuria iliyotoboka au chungu cha dukani, liwe na matundu chini, tena makubwa ya kupita kidole, na liinuliwe juu ya mawe matatu ili matundu yasizibwe na sakafu. Vile visahani vya kukinga maji chini ya chungu viacheni kwa mimea mingine.

Mbolea nitaipita haraka: konzi moja ya mboji iliyooza vizuri kwenye ndoo ya udongo, basi. Wapo wanaonyunyizia urea iliyobaki shambani. Mmea utashukuru kwa kurefuka, kulegea, kulala chini na kupoteza rangi, na vidukari watakuja kwenye karamu.

Kupanda. Tumekutana Septemba, na sikuwaomba viongozi tarehe hii kwa bahati tu. Kipupwe kimepita, jua linawaka, mvua bado. Kipande kikikatwa sasa kitakuwa na mizizi imara kabla Novemba haijagonga mlango. Kikikatwa Desemba kinaoza kabla hakijajua kilipo. Kata pingili yenye urefu wa kidole, kwa kisu kikavu, siku isiyo na ukungu. Ng'oa majani ya chini, acha shina tupu kama nusu kidole. Halafu, na hapa ndipo watu wanaposhindwa kuvumilia, usiipande. Iweke kivulini juu ya gazeti siku mbili au tatu, mpaka pale ulipokata pakauke pafanye gamba. Ukipanda kidonda kibichi kwenye udongo umealika ukungu mwenyewe. Gamba likishafunga, chomeka kwenye mchanganyiko mkavu, kaa siku kadhaa ndipo unyunyize maji kidogo.

Zile zenye majani ya mviringo yanayogeuka mekundu zinaota hata kwa jani moja. Hebu nisaidie kunyanyua hili beseni, mwanangu, walioko nyuma waone. Hili jani limelala juu ya mchanga, halikufukiwa. Tazameni hapa kwenye kitako chake: mizizi ya pinki, myembamba kama uzi, na pembeni yake kichipukizi chenye vijani vidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Jani la mama limeanza kunywea, kwa sababu mtoto anakunywa humo. Halipewi maji mengi, linalainishiwa mchanga tu kwa pampu ya kunyunyizia. Siri iko kwenye kulichuma. Lishike karibu na shina, lizungushe taratibu kushoto na kulia mpaka liachie lenyewe likiwa na kitako kizima. Likikatikia katikati halitaota, litaoza.

Ukishapanda, maji unayapima kwa jani, kalenda haikusaidii. Minya jani la chini kwa vidole viwili. Likiwa gumu, ondoka, kafanye kazi nyingine. Likiwa limenywea na lina mikunjo, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha liache hadi linywee tena. Likiwa la njano na laini, maji yamezidi. Usiongeze, ng'oa uangalie mizizi, kata sehemu nzima ya juu uanze na pingili. Iliyo ardhini kwenye tuta zuri inaweza kupita kiangazi kizima ukaimwagilia kwa nadra sana.

Jua liwe la kutosha, angalau saa sita kwa siku. Ikikaa sebuleni mbali na dirisha inarefuka, majani yanaachana, shina linapinda kufuata mwanga. Ila ukiitoa sebuleni usiipeleke moja kwa moja kwenye jua la saa saba la Oktoba, itaungua mabaka. Izoeshe kwa kivuli chepesi wiki moja au mbili.

Sasa baridi. Watu wanaiogopa zaidi kuliko inavyostahili. Juni na Julai ndipo sedamu nyingi huwa nzuri kuliko wakati wote, maana jua kali la mchana na baridi ya usiku vikikutana, majani yanatoa rangi nyekundu, ya machungwa, ya zambarau. Wateja wengine wanaona wekundu wanadhani ugonjwa, wanaomba punguzo. Msipunguze bei, waelezeni! Tena mwenye kuuza kwa busara angezipanga mbele ya kitalu mwezi wa saba. Kinachoua ni barafu. Makete na maeneo ya juu ya Njombe, ambako umande unaganda juu ya nyasi, sedamu za Mexico, hasa ile ya kuning'inia yenye majani yaliyopangana kwenye mikia mirefu, zisilale nje. Maji ndani ya jani yakiganda jani linapasuka, na asubuhi unakuta uji. Zile zinazotambaa za Ulaya na Caucasus zimezoea theluji kwao, Makete kwao ni pikiniki. Na popote ulipo, mmea ulioingia kwenye baridi ukiwa mkavu unavumilia kuliko ulioingia umelowa.

Hapo kwenye kuning'inia niwatahadharishe wanaosafirisha. Majani yake yanadondoka kwa kuguswa tu. Ukiipakia kwenye daladala kutoka hapa mpaka Mafiati, kinachofika ni vijiti. Ifungie ndani ya boksi lenye magazeti, au uza vipande vidogo, mnunuzi akuzie kwake.

Kuna mama aliniuliza juzi kuhusu ile sedamu ndefu anayoiona kwenye picha za Ulaya, yenye vichwa vikubwa vya maua ya pinki. Wataalamu siku hizi wameihamishia jenasi nyingine, Hylotelephium, lakini wauzaji bado wanaiita sedamu. Inayojulikana zaidi ilizalishwa na Mjerumani Georg Arends, na imeenea katika bustani za dunia nzima. Mmea huu hungoja siku ziwe ndefu ndipo ufanye maua, na siku za kiangazi cha Ulaya hupita saa kumi na tano. Mbeya siku yetu ndefu kuliko zote, Desemba, inazidi saa kumi na mbili na nusu kwa dakika chache tu. Unaweza kuipata, ukaitunza, ikakupa majani mazuri ya kijivu, na maua ukayasubiri mpaka wajukuu. Mimi sioni sababu ya kupeleka hela huko wakati zile za majani zinashamiri hapa bila kuombwa.

Na mbegu! Vijana, mnaoagiza mbegu za rangi za ajabu mtandaoni, za bluu, za upinde wa mvua: mbegu ya sedamu ni vumbi. Ukipuliza inapotea. Ukifungua pakiti ukakuta mbegu za ukubwa wa maharage, au hata za nyanya, umeuziwa kitu kingine. Hapa tuna vipande vya bure, mbegu za nini?

Wadudu siyo wengi. Vidung'ata, wale weupe wenye unga wanaojificha kwenye maungio ya jani na shina, wafute kwa pamba iliyochovywa spiriti, na rudia wiki inayofuata kwa sababu mayai yanabaki. Konokono ni wa masika, wanakuja usiku. Watoe kwa mkono na tochi. Kokoto kavu juu ya udongo huwapunguzia hamu, na pia huzuia majani ya chini yasilalie unyevu.

Mwalimu mmoja ameniletea swali kwenye karatasi: je, shule inaweza kupanda sedamu juu ya paa, kama wanavyofanya Ujerumani? Kweli wanafanya, wana miaka mingi nayo. Na Marekani, kiwanda cha Ford kule Dearborn kina paa la sedamu lenye ukubwa wa zaidi ya ekari 10, lilipandwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini mwalimu, yale mapaa yalipigiwa hesabu na wahandisi kabla ya tofali la kwanza. Udongo wa kina cha sentimita kumi ukiloa unakaribia au kuzidi kilo 100 kwa kila mita mraba. Uweke juu ya bati lililopigiliwa kwenye mbao za darasa, halafu mvua ya Februari inyeshe na watoto wako chini? Hapana. Watoto watengeneze bustani ya mawe pembeni ya mlingoti wa bendera. Huko Iringa hata mawe hamhitaji kuyabeba, yapo tangu enzi za Gangilonga, lile jiwe kubwa la mjini kwenu.

Jambo la mwisho ni la aibu kidogo, lakini nitalisema kwa kuwa viongozi wapo. Soko la mimea hii limeanza kuwavuta watu kwenda kung'oa porini. Wanapanda miambani na milimani, wanashuka na viroba vya kalankoe, okidi na chochote chenye jani nene, wanakuja kutuuzia sisi wenye vitalu. Kitulo, ambayo wazee wanaiita Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na sote tunajua jinsi viazi vya okidi vilivyochimbwa huko vikavushwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha kule kinachopikwa kwa viazi hivyo. Okidi moja huchukua miaka kukua. Sedamu ya kitalu, kwa jani moja, mwakani una beseni. Mimi mwenye kiroba akifika kwangu namrudisha nacho, na naomba kikundi kiandike hivyo kwenye katiba yetu, siyo tukubaliane kwa mdomo tu.

Vipande viko kwenye mabeseni mawili karibu na mlango. La bluu ni zinazotambaa, chukueni watu wa Njombe, Makete na Iringa. Jekundu ni za Mexico, kwa wa Mbeya mjini na Mbalizi. Kila mtu vipande vitatu, tafadhali, ili vifike nyuma. Vimeshakaushwa tangu juzi, vina gamba, kwa hiyo vinaweza kupandwa kesho. Vifungeni kwenye gazeti, visitiwe kwenye mfuko wa nailoni. Wa Tukuyu msichukue kwanza. Njooni kwangu baada ya chakula, tuongee habari ya baraza zenu zinaelekea wapi.